Kijiko cha risini: safari ya mafuta ya mbarika hadi Lubumbashi

Pembeni ya reli ya Lubumbashi, kwenye viwanja vilivyoachwa wazi na nyuma ya kuta za mitaa ya Kenya na Katuba, huota mmea ambao mara nyingi hakuna aliyeupanda. Shina lake ni jekundu-jekundu, majani yake yamechanika kama kiganja, na matunda yake hukaa vichala, yamejaa miiba laini. Likikauka, tunda hupasuka na kutoa mbegu tatu zinazong'aa, zenye mabaka ya kahawia na kijivu, kama kupe aliyeshiba damu. Warumi waliliona hilo wakauita mmea ricinus, yaani kupe, na mtaalamu wa mimea Linnaeus akaliweka jina hilo katika orodha yake ya mimea mwaka 1753. Kwa njia ya Kifaransa likatufikia sisi: mafuta ya risini. Pwani wanasema mbarika, na mbegu yake ni nyonyo.

Lakini kuna jina jingine ambalo ni la zamani zaidi katika vinywa vyetu. Waswahili wana mbono. Wabemba wana mono. Wanyarwanda wana ikibonobono. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaona kwamba maneno haya ni ndugu wa shina moja, lililotamkwa na mababu kabla hawajasambaa. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoajiri watu kutoka nchi ya Wabemba, na baadaye kutoka Rwanda na Burundi katika miaka ya 1920, watu hao walifika kwenye kambi za shaba wakiwa tayari wanaujua mmea huu kwa jina. Mbelgiji hakutuletea mbarika. Alituletea kijiko.

Kwa karne nyingi kazi kubwa ya mafuta haya ilikuwa nje ya mwili. Herodotus, Mgiriki wa kale, aliandika kwamba Wamisri waliyaita kiki na kuyawasha kwenye taa, ingawa yalinuka. David Livingstone, katika safari zake za karne ya 19 kusini mwa Katanga, alikuta mbarika imepandwa karibu na vijiji, na watu wakijipaka mafuta yake kichwani na mwilini. Kuyanywa kulijulikana pia: maandishi ya tiba ya Misri ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo yanautaja mmea huu kama dawa ya kufungua choo. Hata hivyo, ukijumlisha matumizi yote, ngozi, nywele na utambi wa taa vilikula mafuta mengi kuliko tumbo.

Namna ya kuyapata haijabadilika sana. Mbegu hukaangwa, hutwangwa, kisha huchemshwa kwa maji mengi hadi mafuta yaelee na kuenguliwa. Kazi hiyo ni ndefu, na urefu wake ndio uliookoa watu. Ndani ya mbegu kuna sumu kali iitwayo risini, jina lilelile tunaloyaita mafuta. Aliyeitenga kwa mara ya kwanza ni Peter Hermann Stillmark, mwaka 1888, katika chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Sumu hiyo ni protini. Haiyeyuki kwenye mafuta, hubaki kwenye mashapo, na moto mkali huiharibu. Mama aliyechemsha mbono tangu asubuhi hadi jua la utosi hakuwa na maabara, lakini alikuwa anaiua sumu kwa mikono yake mwenyewe.

Kwamba watu wa Afrika walijua tangu kale kuwa mbegu hii inaua, kuna ushahidi. Katika pango la Border, mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, kilipatikana kijiti cha mbao chenye alama za kukatwa, cha miaka 24,000 hivi. Watafiti waliokipima walitangaza mwaka 2012 kwamba kina mabaki ya asidi za mbarika, na wanafikiri kilitumika kupaka sumu kwenye mishale.

Sasa tuje kwenye kijiko. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini. Kambi za kwanza za wafanyakazi zilikuwa mahali pa kufa: nimonia, kuhara damu, homa ya matumbo. Kuelekea mwaka 1928 Union Minière iligeuza sera. Badala ya kuajiri wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini, iliwataka wakae na wake zao, wazae, walee. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika wa kampuni hiyo, alikuja kuieleza sera hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946. Kambini zikaja zahanati, mizani ya watoto wachanga, maternite. Pamoja na hayo ikaja imani ya tiba ya Ulaya ya wakati ule, kwamba tumbo chafu ndilo mzizi wa maradhi, na lisafishwe.

Chupa ya risini ilikuwa kwenye kabati la dawa huko Brussels na katika makoloni pia. Ilitolewa kwa mtoto mwenye homa na kwa mtu aliyekula kitu kibaya. Safura, minyoo iliyowamaliza damu wachimba migodi wa dunia nzima, ilitibiwa kwa mafuta ya kenopodi, kisha risini ikafuata kuwasukuma nje minyoo waliolewa dawa. Lakini mgonjwa wa tegu aliyepewa dawa ya mmea uitwao jimbi la kiume hakutakiwa kupewa risini kabisa, kwa sababu mafuta huifanya sumu ya jimbi iingie mwilini kwa wingi. Tiba ileile, chupa ileile, hapa msaada, pale hatari. Maarifa hayo yalibaki kwa daktari. Kilichotoka kwenda majumbani ni kijiko.

Na kijiko kinaweza kuwa silaha. Katika Italia ya miaka ya 1920, wafuasi wa Mussolini waliwanywesha wapinzani wao mafuta ya mbarika kwa nguvu, kwa wingi, ili kuwadhalilisha. Wapo waliokufa kwa kuishiwa maji. Risini ya dukani haina sumu ya mbegu, lakini haihitaji sumu kumuua mtu aliyedhoofika: kuhara kunatosha.

Hospitali ziliiacha polepole, hasa dawa bora za minyoo zilipokuja. Nyumba hazikuiacha. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na Gécamines, kampuni ya taifa iliyochukua nafasi yake, ikaendelea kuwatibu wafanyakazi wake na jamaa zao, hadi mambo yalipoharibika. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka; mwaka 1994 haikufikisha hata 50,000. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba aliyezoea hospitali ya kampuni akabaki na jirani, soko na kumbukumbu ya bibi yake. Mimi siwalaumu waliorudia kijiko. Ilikuwa ndiyo dawa iliyobaki mkononi.

Namna risini inavyofanya kazi tumboni ilijulikana vizuri mwaka 2012 tu, pale watafiti wa Ujerumani walipoonyesha kwamba asidi ya mafuta haya hugusa kipokezi kimoja kilichopo kwenye misuli ya utumbo, nao ukajikaza. Kipokezi hichohicho kipo kwenye misuli ya mji wa mimba. Kwa hiyo wanawake wanaoyanywa ili kuharakisha uchungu hawajakosea kuhusu nguvu yake. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo haina usukani. Mkazo ukizidi, mtoto hubanwa, hukosa hewa, naye huweza kutoa choo chake cha kwanza ndani ya maji ya uzazi na kukivuta. Mama mwenye kovu la upasuaji yuko katika hatari kubwa zaidi, kwani kovu linaweza kuachia.

Mtu mzima mwenye afya, aliyefunga choo, anaweza kutumia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya famasi mara moja bila madhara makubwa. Kulifanya hilo desturi ya kila wiki ni jambo jingine. Kamati ya FAO na WHO ilipima mwaka 1979 kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku ndani ya vyakula: miligramu 0.7 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 42, na kijiko kimoja cha mezani kinazidi kiasi hicho zaidi ya mara 300. Mtoto mchanga asipewe, wala kwa mdomo wala kwa lavema ya puwari. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana asinywe, maana ikiwa ni kidole-tumbo, kulisukuma tumbo kunaweza kukipasua. Kusugua kitovu kwa mafuta haya ili kuyeyusha uvimbe wa kizazi, kama inavyotangazwa siku hizi kwenye simu, hakuna ushahidi wowote kwamba kunasaidia.

Kwenye ngozi na nywele, wazee walikuwa sahihi: mafuta haya hulainisha na kuzuia ukavu. Saluni hapa huuza chupa za mafuta meusi yenye jina la Jamaika, kisiwa ambako Waafrika waliotekwa walifika na ujuzi wao wa kukaanga na kuchemsha mbegu. Yajaribu kwanza kidogo mkononi, kwa kuwa wapo wanaowashwa. Vichala vikate na kuvifukia kabla watoto hawajazifanya mbegu zake vito. Mtoto akizitafuna, kutapika na kuhara huweza kuanza saa kadhaa baadaye, na hakuna dawa ya kuizima sumu hiyo. Ni kumkimbiza hospitali, na mbegu iliyobaki ichukuliwe pia.

Na mama anayefika maternite usiku, akiwa amekwisha kunywa, amwambie mkunga kabla hajapanda kitandani: nimekunywa risini, vijiko viwili, saa mbili usiku. Wengi hunyamaza wakiogopa kukaripiwa, na mkunga hubaki kutafuta kwa mikono mitupu kwa nini uchungu umekuja kwa kasi hivyo.