Michoro ya protini (usomaji wake katika bayokemia)

Michoro ya protini ni picha zinazoonyesha umbo la molekuli za protini vitabuni na kwenye kompyuta. Umbo hilo hakuna jicho lililowahi kuliona. Mayoglobini, protini inayotunza oksijeni kwenye misuli, ina upana wa nanomita 4 hivi, ilhali wimbi fupi kabisa la mwanga unaoonekana lina urefu wa karibu nanomita 400. Kwa hiyo kila picha ya protini imetokana na vipimo na hesabu, nayo ina kanuni zake za kusomwa. Mwanafunzi anayeichukulia kama picha iliyopigwa kwa kamera hupotea mapema, na mara nyingi hajui kwamba amepotea.

Mayoglobini ya nyangumi ndiyo protini ya kwanza kupatiwa umbo lake kwa eksirei. John Kendrew na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walitoa kielelezo chake mwaka 1958, kikiwa kimefinyangwa kwa plastisini na kujikunja kama utumbo. Vipimo vilipokuwa bora, mwaka 1960, walijenga kingine ndani ya msitu wa fimbo za chuma. Ukiviweka viwili hivyo pamoja hutadhani ni kitu kimoja. Mchoro wa utepe unaotawala vitabu vya leo ulienezwa na Jane Richardson wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyeichora michoro yake kwa mkono na kuichapisha mwaka 1981. Humo mnyororo wa asidi amino unaounda protini huchorwa hivi: heliksi alfa ni utepe uliosokotwa, uzi wa beta ni mshale bapa, na sehemu zilizobaki ni kamba nyembamba. Mshale huo huonyesha tu mnyororo unaelekea upande gani. Lakini ukurasa mmoja nyuma mwanafunzi aliona mshale ukiwa na maana ya mmenyuko, na hakuna aliyemwambia kwamba maana imebadilika.

Kosa linalorudiwa sana ni la tundu. Utepe uliosokotwa hufanana na springi yenye uwazi katikati, na mwanafunzi huuliza ni kitu gani kinapita humo. Hakipiti kitu. Utepe hufuata uti wa mnyororo tu, wala hauonyeshi unene wa atomu. Badili mchoro uwe wa mipira, ambamo kila atomu hupewa ukubwa wake, na tundu litazibika palepale: katikati ya heliksi pamebanana atomu za uti, na minyororo ya pembeni imechomoza nje. Mchoro wa mipira nao una mtego wake. Ukiitazama mayoglobini kwa mtindo huo, huoni njia ya oksijeni kuifikia hemu, sehemu inayoishika oksijeni, iliyozama ndani. Hata hivyo oksijeni huingia na kutoka, kwa kuwa protini haitulii. Hutikisika wakati wote, na histidini, asidi amino ya 64 katika mnyororo, husogea kupisha kama bawabu mlangoni. Mchoro umeigandisha katika mkao mmoja.

Rangi huchanganya zaidi, tena kwa kosa lisilo la mwanafunzi. Chukua bluu. Katika mchoro wa atomu, bluu ni naitrojeni, kama nyekundu ilivyo oksijeni na njano ilivyo salfa. Katika mchoro uliopakwa rangi za upinde wa mvua, bluu ni mwanzo wa mnyororo na nyekundu ni mwisho wake. Katika ramani ya chaji, bluu ni chaji chanya. Katika maumbo yanayokisiwa na programu ya AlphaFold, bluu iliyokolea ni sehemu ambayo programu ina uhakika nayo sana, na rangi ya chungwa ni sehemu isiyo na uhakika. Utepe mrefu wa chungwa unaozunguka nje mara nyingi ni kipande kisicho na umbo maalumu, si kamba halisi iliyojizungushia protini. Maana nne kwa rangi moja, na mhadhara mmoja unaweza kuzipitia zote bila mhadhiri kusimama.

Miongoni mwa tafiti zinazojulikana katika suala hili ni ile ya Afrika Kusini. Konrad Schönborn, Trevor Anderson na Diane Grayson walichapisha mwaka 2002 matatizo waliyoyakuta kwa wanafunzi waliosoma mchoro wa kingamwili ya IgG kutoka kitabu cha kiada. Baadhi yao waliona mambo ya DNA pale ambapo palikuwa na protini tupu. Mwaka 2009 Schönborn na Anderson walieleza kwamba usomaji hutegemea mambo matatu yanayoingiliana: dhana alizonazo msomaji, uwezo wake wa kufikiri, na jinsi mchoro wenyewe ulivyochorwa. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Mwanafunzi huambiwa hajasoma, kumbe mchoro ndio haujamwambia.

Njia nzuri ya kufundisha ni kumpa mwanafunzi protini moja kwa mitindo mitatu na kumuuliza kila mmoja umeacha nini. Hemoglobini inafaa kuliko nyingi, hasa katika Afrika Mashariki, ambako selimundu ni ugonjwa unaojulikana majumbani. Mtu mwenye ugonjwa huo aliyerithi hemoglobini S kwa wazazi wote wawili ana valini badala ya glutamati katika nafasi ya 6 ya kila mnyororo wa beta. Valini hiyo huchomekea kwenye kibonyeo cha molekuli ya jirani pale oksijeni inapopungua, molekuli zikashikana kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu ikapinda. Mchoro wa utepe hauchori minyororo ya pembeni. Hivyo hemoglobini A, ile ya kawaida, na hemoglobini S zikiwekwa pamoja kwa utepe zitaonekana karibu sawa kabisa: kati ya asidi amino 574, mbili tu ndizo zimebadilika, na zote mbili hazimo kwenye picha mpaka mtu aziwashe.