Vigezo Vilivyoshonewa Watoto

Homa kwa mtu aliyepandikizwa figo ni kesi yenye washukiwa wengi. Labda ni maambukizi. Labda mwili unaikataa hiyo figo. Chembe za damu zikipungua, mtu anaweza kulaumu dawa anazomeza kila siku. Lakini kuna mshukiwa mwingine ambaye madaktari walichukua miaka mingi kumtambua, kwa sababu anafanana na hao wote. Kwa kifupi anaitwa HLH.

Kawaida seli za ulinzi zikimaliza vita, zinatulia. Kwenye HLH hazitulii. Zinaendelea kumwaga kemikali za kuchochea, na zile seli walaji, ambazo kazi yao ni kusafisha uchafu mwilini, zinaanza kumeza seli za damu. Yaani askari amegeukia nyumba aliyoajiriwa kulinda.

Mwaka 1939, Waingereza wawili, Ronald Bodley Scott na Alastair Robb-Smith, walieleza ugonjwa wa aina hii, na kwa miaka mingi ukahesabiwa karibu na saratani. Mwaka 1952, Farquhar na Claireaux wakaukuta Uskoti kwa watoto wachanga wa tumbo moja. Kumbe unaweza pia kurithiwa.

Miaka miwili baadaye, huko Boston, Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampa pacha wake, Richard. Walikuwa mapacha wa kufanana, kwa hivyo mwili haukushtuka. Lakini wangapi wana pacha? Ndio maana miaka ya 60 zikaja dawa za kushusha kinga, na pamoja nazo mgonjwa wa aina mpya: mtu anayeishi na ulinzi uliolazwa nusu usingizi.

Mgonjwa huyo ndiye aliyefungua macho ya madaktari. Mwaka 1979, Risdall na wenzake huko Minnesota walichapisha habari za watu 19, na 14 kati yao walikuwa na kinga iliyoshushwa. Kwa wengi walipata virusi vya jamii ya herpes, na kwenye uboho wakaona seli walaji zikimeza damu. Hitimisho lao: hii si saratani. Usione hiyo ni tofauti ya majina tu. Ukimpa mtu anayepigana na virusi dawa za saratani bure, unaweza kummaliza.

Sasa cheki vile mambo yaligeuka. Vigezo vilipoandikwa mwaka 1991, kisha vikaboreshwa kwa utafiti wa 2004, vilitengenezewa watoto. Vilikuwa vinane, na ulihitaji vitano: homa, bandama kubwa, damu kupungua, feritini ya 500 kwenda juu, na kadhalika.

Mvalishe nguo hiyo mtu mzima aliyepandikizwa kiungo, uone. Damu yake inaweza kupungua kwa sababu ya dawa. Feritini inaweza kupanda kwa sababu aliongezwa damu mara nyingi. Aliyepandikizwa ini huenda alikuja na bandama kubwa tangu zamani. Na seli walaji zisipoonekana kwenye uboho, bado huwezi kusema hana.

Mwaka 2014, watafiti wa Ufaransa walitoa HScore, hesabu ya mambo tisa iliyotokana na wagonjwa watu wazima. Humo, kutumia dawa za kushusha kinga kwa muda mrefu kunaongeza alama. Miaka 35 baada ya Minnesota, hatimaye dawa zake zikahesabiwa.

Lakini alama hazitoi jibu lote. Lazima utafute kilichowasha moto: virusi, kuvu, au TB, ambayo sisi hapa Kenya tunaijua vizuri. Ukishusha dawa sana, figo inaweza kukataliwa. Ukiziacha kama zilivyo, maambukizi yanaweza kushinda. Na hakuna atakayefika kwenye uamuzi huo kama, mbele ya homa isiyoshuka, hakuna aliyekumbuka kupima feritini.