Mwana Kupona binti Mshamu: Mama, Malenga na Wasia Wake

Kisiwa cha Pate kina miji mitatu iliyovuma katika mapisi ya pwani: Pate yenyewe, Faza na Siyu. Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni. Humo misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kutiwa nakshi, ngozi zilitengenezwa na viti vya enzi vikachongwa. Mji huo ndio uliomwoa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho yapata mwaka 1810, na ndio uliomfanya mjane.

Mumewe alikuwa Muhammad Is-haka, mashuhuri kwa jina la Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu. Hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Seyyid Said alipotaka kuitia pwani yote chini ya himaya yake ya Unguja, Siyu ulikataa, na katika miaka ya 1840 majeshi yaliyotumwa kuutiisha yalirudishwa kwa hasara kubwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliokufa Seyyid Said. Mwana Kupona, aliyekuwa wa mwisho katika wake zake, akabaki na watoto wawili: binti, Mwana Hashima, aliyezaliwa yapata 1841, na mtoto wa kiume, Muhammad, aliyekuwa angali mchanga.

Miaka miwili baadaye mama huyo naye alikuwa kitandani. Maradhi yalikuwa yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Aliyaona yanakompeleka, akamwita binti yake, akamtaka atwae wino na karatasi. Hivyo ndivyo unavyoanza Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858 Miladia. Mama akafariki yapata mwaka 1860. Miaka mitatu baadaye, zama za Seyyid Majid, Siyu nao ukaanguka mikononi mwa Unguja.

Msomaji akizipanga tarehe hizo ataona jambo ambalo utendi wenyewe haulisemi. Mtungaji ni mjane wa mtawala aliyepigana na dola. Amekaa mjini ambamo baruti ilinuka, naye anajua kwamba mlinzi wa nyumba ameondoka na kwamba yeye mwenyewe yu njiani. Hata hivyo hakutunga utendi wa vita. Hakuhesabu majahazi wala hakutaja mashujaa. Katika beti mia na ushei, kila ubeti vipande vinne na kila kipande mizani minane, alichagua kumwachia bintiye kile ambacho jeshi haliwezi kukiteka: adabu, dini, na namna ya kuishi na watu. Anamwambia kuwa anamtungia hirizi ya kuvaa na kidani cha lulu na marijani cha kupamba shingo. Mali ya nyumba ya kitawala huenda ikapotea, lakini pambo hili halimvuki mvaaji.

Sehemu kubwa ya wasia huo inahusu mume: kumpepea, kumkanda, kutomwamsha kwa kelele, kuweka nyumba safi, kujifukiza na kujipamba, kutompinga kwa maneno. Kwa sababu hiyo wengi wa zama zetu wameusoma utendi huu kwa uzito moyoni. Wameona ndani yake mwanamke anayemfundisha mwanamke mwenziwe kujishusha. Jina lililopewa chapa ya Kiingereza ya mwaka 1934, iliyotayarishwa na Alice Werner na William Hichens, liliukaza mtazamo huo, kwa kuwa liliutambulisha wasia wote kama mawaidha juu ya wajibu wa mke. Wengine, akiwemo Ann Biersteker katika uchambuzi wake wa mwaka 1991, wameutazama upya na kuuliza kama hakuna maana nyingine chini ya maneno.

Hoja ya pande zote mbili ina mashiko. Si haki kuficha kwamba utendi unamdai mke utii, na unamdai kwa jina la pepo. Jamii iliyouzaa ilikuwa ya mabwana na watumwa, ya wake wengi na nyumba zenye kuta nene. Lakini si haki pia kusahau anayesema ni nani. Mwana Kupona haombi ruhusa ya kusema. Anashika kalamu, anataja hali yake, anatoa ushahidi wa ndoa yake mwenyewe: kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha bila ya kuoneshana ubaya, na kwamba mauti yalipomjia mume, alikuwa akimtolea radhi. Kisha anamshauri bintiye amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kunena. Anayepewa kazi ya kumlea mwenziwe kama mtoto ndiye mwenye akili ya nyumba. Mwanamke wa pwani akiusikia ubeti huo hutabasamu, na tabasamu hilo nalo ni tafsiri.

Zaidi ya hayo, mume si wote wa utendi. Mama anamfunza binti kuwa na ulimi mwema, kukaa na watu kwa uchangamfu na heshima, kuepuka upuuzi. Kisha utendi unageuka dua. Anamwomba Mola awahifadhi wanawe, jamaa zake na Waislamu, na amwondolee yeye maradhi. Hapo sauti ya mwalimu inalegea, inabaki sauti ya mama anayewakabidhi wanawe kwa Mwenye kuwaumba kwa kuwa hana mwingine wa kuwakabidhi. Na mwisho anawageukia wanawake wote, anawaita wausome. Wasia wa binti mmoja ukawa wa kila nyumba.

Nao waliusoma. Mwana Hashima aliishi mpaka miaka ya 1930, akazeeka na maneno ya mamake. Utendi ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu na kughaniwa na wanawake waliouhifadhi kwa moyo. Werner aliuchapisha mwaka 1917, na J.W.T. Allen akautia katika mkusanyo wake wa tendi mwaka 1971. Lakini chapa ya kukumbukwa zaidi kwa watu wa visiwani ni ile iliyotoka Nairobi mwaka 1972, iliyohaririwa na Bi Amina Abubakar Sheikh pamoja na mjukuu wake, Ahmed Sheikh Nabhany. Bi Amina alikuwa malenga, naye ndiye aliyemlea Nabhany na kumtia katika bahari ya ushairi. Mjukuu huyo, aliyezaliwa Matondoni mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, akawa bingwa wa Kiswahili anayetajwa pwani nzima, mtungaji wa Sambo ya Kiwandeo na Umbuji wa Kiwandeo.

Katika jalada la kitabu hicho kidogo majina ya bibi na mjukuu yamekaa pamoja, na ndani yake mna sauti ya mama na binti. Wanavyuoni wa kiume wa Lamu na Pate wametajwa sana, na wanastahili. Ila nyumbani, mtoto anapolazwa na kazi za usiku zinapokwisha, waliokuwa wakizighani tendi hizi ni akina mama na akina nyanya. Wengi wao hawakuandikwa popote. Beti walizozijua zilizikwa nao pale wajukuu waliposhughulika na mengine, pasiwe na aliyeambiwa atwae wino na karatasi. Nyanya walio hai leo bado wanazo nyingine vifuani. Mwana Kupona hakungoja mtu aje kumuuliza. Wenziwe wengi wangali wanangoja.