Kipimo cha Dawa Msuka

Utoaji wa dawa Msuka, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, ni kazi kongwe kuliko duka lolote la dawa. Kwenye magofu ya msikiti wa mji huo, ndani ya kibla, umechorwa mwaka 816 wa Hijria, sawa na 1414 hivi. Katika miji ya namna hiyo ya pwani, mwenye elimu ya kitabu alikuwa pia mwenye dawa. Aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani, akaziosha kwa maji na kumnywesha mgonjwa. Hilo ndilo kombe. Mganga wa miti shamba naye alijua mizizi ya kuchemsha na majani ya kufukiza. Wote wawili walipima kwa kiganja na kwa jicho.

Karne ya 19 ilileta duka. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya kisiwa jirani cha Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la zao hilo, na fedha ya karafuu ikawavuta wenye maduka wa Kihindi. Dawa za asili kama habasoda, sanamaki na mvuje ziliuzwa kando ya mchele na nguo, kwa mizani ileile. Unguja mjini, tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la zahanati mwaka 1887. Alifariki 1891, na jengo likakamilika 1894.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, serikali ilitangaza tiba kuwa bure. Dawa zilitoka bohari ya serikali hadi vituo vya afya vya vijijini, na mtoa dawa akawa mtumishi wa umma. Dawa ilipopungua kituoni, mgonjwa alipewa cheti akanunue nje. Biashara binafsi ilipolegezewa masharti, duka la dawa likajaza pengo hilo.

Hapo kipimo kikawa suala la sheria. Klorokwini, iliyozoeleka kwa homa, ilikuwa imeshindwa na malaria, na mwishoni mwa 2003 Zanzibar ikaanza kutumia dawa mseto yenye artesuneti. Muuzaji wa mazoea hakutosha tena. Alihitajika mtu ajuaye dozi, umri wa mgonjwa na tarehe ya mwisho ya dawa. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2006 iliunda chombo cha kusajili dawa na kukagua maduka.

Kwa kulinganisha, Uingereza, duka la mitishamba lililofunguliwa na John Boot mjini Nottingham mwaka 1849 lilikua likawa mtandao mkubwa wa maduka, ambamo mfamasia ni mwajiriwa. Pemba, duka la dawa kwa kawaida bado ni la mtu mmoja. Habasoda inaendelea kununuliwa bila cheti, na kombe bado linaandikwa. Lakini dawa ya hospitali hupimwa kwa miligramu, na anayeitoa huwajibika kwa sheria.