Sanduku la Spana na Ugomvi wa Mataifa

Juma hili tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho mvunguni mwa kitanda au ndani ya buti la gari, lakini wachache tunakipa heshima yake. Nakusudia sanduku la spana. Siku ya Jumamosi, mitaa ya miji yetu hujaa wenye magari waliofungua boneti, kila mmoja akihangaika kutafuta spana inayoingia. Anazo kumi na mbili, na ile anayoihitaji haimo. Mwenyewe huona ni bahati mbaya, kumbe ni historia ndefu inayomsumbua.

Twende Uingereza mwaka 1841. Wakati ule kila karakana ilichonga bolti na nati kwa kipimo chake yenyewe. Nati ya hapa haikuingia kwenye bolti ya pale, na mtambo ukiharibika mbali na ulikotengenezwa ulikaa bure. Fundi Joseph Whitworth wa Manchester alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani wake. Kutokana na wastani huo alipendekeza hesi yenye pembe ya nyuzi 55, na kipimo chake kikaenea katika reli na viwanda vya Uingereza.

Wamarekani hawakumfuata. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alileta hesi ya nyuzi 60 yenye ncha bapa, kwa hoja kwamba ile ya Whitworth, yenye ncha ya mviringo, ilikuwa kazi ngumu kwa fundi wa kawaida kuichonga. Nao Wafaransa na Wajerumani walikuwa na milimita zao. Basi gari lilizaliwa likakuta ugomvi wa spana umekwisha anza.

Usidhani ugomvi huo ulikuwa wa maneno matupu. Mwezi Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, ulishika moto. Vikosi vya zimamoto vilikuja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia na kwingineko, lakini mipira yao mingi haikuingia kwenye mabomba ya maji ya Baltimore, kwa sababu hesi zilitofautiana. Watu walisimama na mipira mikononi huku majengo zaidi ya 1,500 yakiteketea.

Katika mazingira hayo mwenye gari ndipo alipoanza kuwa fundi. Ford Model T, lililotoka mwaka 1908, lilinunuliwa na wakulima wengi walioishi mbali na karakana, na kiwanda kililiuza pamoja na spana chache, bisibisi na plaisi. Mpaka mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15, na mamilioni ya watu wakajifunza kufungua injini uani kwao.

Spana nazo zikaboreka. Mwaka 1892 Mswidi Johan Petter Johansson alipata hati ya uvumbuzi wa spana inayopanuka na kujibana, ile ambayo mafundi wetu wameipa jina lisilotamkika redioni, kwa kuwa haikatai nati yoyote. Mwaka 1920, huko Milwaukee, Joseph Johnson alifikiri jambo jepesi lakini kubwa: kwa nini kila soketi iwe na mpini wake wa kudumu? Akatengeneza soketi 10 zinazochomekwa kwenye mipini mitano, zikafanya kazi ya spana 50. Hapo ndipo ilipotoka kampuni ya Snap-on, na boksi spana unayoiona leo dukani ni mjukuu wa wazo hilo.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyowaonyesha wakubwa gharama ya ukaidi wao. Majeshi yaliyopigana upande mmoja hayakuweza kuazimana bolti. Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini mjini Washington mapatano ya kutumia hesi ya aina moja. Lakini ilikuwa bado ya inchi. Ulaya na Japani ziliendelea na milimita.

Sasa turudi kwetu. Landrover, lililoanza kuuzwa mwaka huo huo wa 1948, lilikuja Afrika Mashariki na bolti zinazotaka spana za Whitworth. Magari ya Kiingereza yaliyofuata yakaleta inchi za kawaida. Kisha likaja Peugeot 404, lililoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966, na Datsun likashinda mwaka 1970. Hayo yote ni ya milimita. Kwa hiyo fundi wa Nairobi au Dar es Salaam alilazimika kubeba mizigo mitatu ya spana, kila mmoja kwa taifa lake.

Sanduku la kurithi kutoka kwa mzee ndilo lenye mtego. Spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa, hivyo namba yake humdanganya asiyejua. Nusu inchi ya kawaida ni milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, lakini kwa ulegevu. Nati ikiwa imeshikwa na kutu, spana itateleza, pembe za nati zitalika, na ngozi ya vidole itabaki kwenye chuma.

Basi anayetaka kujijengea sanduku na aanze na gari lake, asianze na duka. Mwenye gari la Kijapani, kama wengi wetu, atafika mbali na 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota nyingi. Mwenye gari la Kijerumani ataongeza 13. Aongeze plaisi, bisibisi za aina mbili, na stendi imara, maana jeki ni ya kuinulia gari, si ya kumlinda aliyelala chini yake. Anunue moja moja, tena ya chuma kizuri.

Ugomvi wenyewe haujaisha, umebadili sura. Tangu magari ya mwaka 1996, sheria ya Marekani inataka kila gari dogo liwe na tundu moja la kuchomeka kifaa cha kusoma hitilafu za injini. Mwaka 2012, na tena mwaka 2020, wananchi wa Massachusetts walipiga kura kudai viwanda visifiche siri za matengenezo. Swali ni lile lile la Whitworth: je, aliyelinunua gari ana haki ya kulifungua, au ufunguo ubaki kwa aliyelitengeneza? Asiye na spana hawezi hata kuuliza swali hilo, atalipa atakachoambiwa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nakutakia Jumamosi njema.