Bei ya Gari na Bei ya Kushindana

Katikati ya miaka ya sitini, kila Pasaka ilipokaribia, sisi watoto wa kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara tulikuwa na sikukuu mbili. Moja ilikuwa ya kanisani. Ya pili ilikuwa ya barabarani, pale magari ya Safari ya Afrika Mashariki yalipopita yakirusha matope ya masika hadi kwenye migomba. Tulikuwa tukihesabu magari kwa vijiti. Lililotufurahisha zaidi halikuwa gari geni, bali Peugeot 404. Gari la namna hiyo tulilijua. Bwana mganga alikuwa nalo, na mjomba wangu, fundi wa gereji moja pale Korogwe, alikuwa akilitengeneza.

Ni miaka mingi sasa, na mjomba amekwisha kututoka. Lakini kuna jambo alilonifundisha kuhusu mashindano yale ambalo sikulielewa hadi nilipoanza kusoma historia yake. Nataka nilieleze hapa, kwa sababu naona halihusu magari peke yake.

Safari ilianza mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ndiyo maana mwanzoni iliitwa Safari ya Kutawazwa. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alitaka kumshirikisha binamu yake, Neil Vincent, katika mbio za kuzunguka uwanja, naye akakataa. Alisema hakuna la kuchosha kama kuzunguka pale pale. Lakini kama watu wangeingia katika magari yao, wakavuka nusu ya Afrika na kurudi, hapo angekuwamo. Basi ikapangwa njia ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara zile zile ambazo malori ya pamba na mkonge yalikuwa yakizama kila mwaka.

Sasa waandalizi walikabiliwa na swali la kila shindano la vyombo: nani ashindane na nani? Kwingineko watu waliyagawa magari kwa ukubwa wa injini. Wao waliyagawa kwa bei. Gari liliwekwa katika daraja kufuatana na bei yake dukani hapa Afrika Mashariki, na lilitakiwa liwe kama lilivyouzwa, bila kugeuzwa kuwa chombo kingine.

Kanuni hiyo nimeitafakari sana, nami naiona kuwa ya busara. Bei haihitaji mtaalamu wa kupima. Ipo dukani, kila mtu anaiona. Tena inasema kweli ambayo ukubwa wa injini hausemi, yaani mwenye fedha kidogo ashindane na mwenye fedha kidogo. Matokeo yake yakawa na faida hata kwa asiyeshindana, kwani mnunuzi alijua ni gari gani la bei yake litakalovuka masika bila kuvunjika springi. Gari linalohesabiwa kuwa la kwanza mwaka ule ni Volkswagen ndogo ya Alan Dix na Johnny Larsen. Mwaka 1954 ikashinda Volkswagen tena, ikiendeshwa na Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha. Hata mwaka 1958 fikra ya madaraja ilikuwa bado na nguvu. Madaraja yaliitwa Swala Pala, Chui na Simba, kila moja likapata mshindi wake, na hakutangazwa bingwa mmoja wa wote.

Lakini msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: hiyo bei ndogo ilikuwa ndogo kwa nani? Mwaka ule wa 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwafrika aliyetaka kusafiri alitafuta kibali kabla ya kutafuta gari. Katika daraja la chini kabisa la mashindano yale hamkuwa na nafasi ya mtu kama mjomba. Kanuni iliwasawazisha waliokwisha kuwamo ndani ya ua. Juu ya ua wenyewe haikusema neno.

Hata hivyo, mlango uliokuwa wazi kidogo ulipitiwa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi, tena aliwahi kuajiriwa na chama cha wenye magari kuzunguka barabarani akiwasaidia waliokwama. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Timu ya kiwanda ilikwisha itumia katika Safari ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland wa Dar es Salaam, naye fundi, kwa Peugeot 404.

Ushindi huo wa mafundi ndio uliomtia mjomba wazimu, kama alivyokuwa akisema shangazi. Yeye na wenzake wawili walichanga wakanunua Peugeot 403 iliyochakaa. Kwa miezi minane waliitengeneza usiku, baada ya kazi. Walibadilisha shokomzoba, wakafunga bamba la chuma chini ya injini, wakaongeza taa. Nami nilikuwa nikiwashikia tochi.

Kisha wakaandika barua kuomba maelezo. Majibu yalipokuja, mjomba aliketi kibarazani akapiga hesabu nyuma ya kalenda. Kulikuwa na ada ya kuingia, leseni ya mashindano, bima, matairi ya akiba, petroli, na gari la pili la kubeba vipuri na mafundi. Alijumlisha mara mbili. Jumla ilipita bei ya lile gari.

"Mwanangu," aliniambia, "gari tunalo. Tulichokosa ni kila kitu kisichokuwa gari."

Ile 403 ikawa teksi. Ilimsomesha binti yake, na sehemu ya karo yangu ilitoka humo. Sikumsikia akilalamika, ila Pasaka zilizofuata hakuja tena barabarani.

Baadaye ua ulizidi kupanda. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walikuwa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka 1973 Safari iliingia katika ubingwa wa dunia, na kuanzia 1974 ikawa ya Kenya peke yake, hata sisi wa Tanzania hatukuiona tena ikipita. Miaka ya themanini zilikuja kanuni za Kundi B, ambazo zilikitaka kiwanda kitengeneze magari 200 tu ya namna moja. Kwa maneno mengine, halikuwa tena gari la dukani. Timu kubwa ziliruka na helikopta mbele ya magari yao kuangalia wanyama na malori. Kundi hilo lilifutwa baada ya mwaka 1986 kwa sababu ya vifo, wala si kwa sababu ya bei.

Na bado, mwaka 1993, Patrick Njiru wa Kenya alimaliza Safari katika Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, akawa wa kwanza katika daraja lake. Nilisoma habari hiyo gazetini nikakumbuka 403 yetu. Daraja dogo lilimpa nafasi, nayo nafasi hiyo ilionekana. Mwaka uliofuata alikuwa wa nne kati ya wote.

Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021. Mwaka 2022 kijana wa Kenya, McRae Kimathi, alishindana katika theluji ya Sweden, katika ubingwa wa vijana ambamo wote huendesha gari la aina moja, Ford Fiesta Rally3. Ile fikra ya 1953 imerudi kwa umbo jingine, safari hii gari likiwa moja kwa wote ili tofauti ibaki kwa dereva.

Nafurahi, lakini nina kalenda ya mjomba sandukuni. Nikisikia kwamba shindano fulani, la magari au la elimu au la kazi, limefunguliwa kwa wote, huwa sianzi kusoma upande wa mbele. Naigeuza kwanza, nione hesabu ya upande wa nyuma.