Kitabu Kilichofutwa Nusu: Marekebisho ya «Tintin au Congo»

1. Utangulizi

Suala la kuvirekebisha vitabu vya watoto vilivyokwisha kuwa mashuhuri, ili vikubalike kwa wasomaji wa kizazi kipya, limezua ubishi mkali huko Ulaya. Mwaka 2023 mchapishaji wa vitabu vya Roald Dahl nchini Uingereza alibadilisha maneno mengi ndani yake. Lawama zilipozidi, alitangaza kwamba matini ya awali nayo itaendelea kuchapishwa. Kwetu sisi Wakongomani jambo hili si geni, kwani kimojawapo cha vitabu vilivyorekebishwa zamani zaidi kinabeba jina la nchi yetu. Makala haya yanakusudia kueleza ni nini kilichofutwa ndani ya «Tintin au Congo», ni nini kilichoachwa, na kwa sababu gani.

2. Asili ya kitabu

Hadithi hiyo ya picha ilitoka kwa mafungu katika «Le Petit Vingtième», nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels, tangu Juni 1930 hadi Juni 1931. Mchoraji wake, Georges Remi, aliyejiita Hergé, alikuwa kijana wa miaka 23. Yeye mwenyewe alitamani kumpeleka shujaa wake Marekani, lakini mkurugenzi wa gazeti, Padri Norbert Wallez, alimtaka aanze na Kongo, ili vijana wa Ubelgiji wavutiwe na koloni lao. Hergé hakuwahi kufika Kongo. Alichokijua alikipata katika magazeti, katika maneno ya wamisionari, na katika jumba la makumbusho la Tervuren, ambako aliona sanamu ya mtu-chui aliyoitumia katika hadithi. Kwa hiyo kitabu hiki hakishuhudii maisha ya Wakongomani. Kinashuhudia mawazo ya Wabelgiji juu yao.

3. Marekebisho ya 1946 na 1975

Albamu ya kwanza, ya 1931, ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye kurasa 110. Baadaye nyumba ya uchapishaji ya Casterman iliamua kwamba albamu za Tintin ziwe za rangi na za kurasa 62. Hergé alikichora upya kitabu kizima, nacho kikatoka mwaka 1946.

Badiliko linalojulikana kuliko yote liko katika somo la shule ya misheni. Katika toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto Wakongomani juu ya nchi yao, na nchi hiyo inaitwa Ubelgiji. Katika toleo la pili anawauliza hesabu: mbili na mbili ni ngapi? Dalili nyingine za utawala wa Kibelgiji zilipunguzwa vilevile, hata kitabu kikawa rahisi kuuzwa nje ya Ubelgiji.

Yaliyobaki ni mengi kuliko yaliyoondolewa. Midomo minene ilibaki, na usemi wa kitoto ukabaki. Treni inayoanguka kwa kugongana na gari la Tintin, huku abiria wakiamriwa naye kuiinua, ilibaki. Hata sanamu ya Tintin inayosujudiwa kijijini mwishoni mwa safari ilibaki mahali pake.

Mwaka 1975 lilifuata badiliko jingine. Wachapishaji wa Skandinavia walichukizwa na ukurasa ambamo Tintin anamtoboa kifaru na kumlipua kwa baruti. Hergé aliuchora upya ukurasa huo, na kifaru akaokoka. Basi mnyama alipata mtetezi aliyesikilizwa, ilhali wenye nchi hawakupata.

4. Maana ya kufuta

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Toleo la 1931 lilikuwa na uovu, lakini lilitaja wazi mwenye kuamuru na mwenye kuamriwa. Toleo la 1946 lilimficha bwana, likamwacha mtumwa akichekwa. Mtoto anayelisoma hawezi kujua ni kwa nini mzungu kijana anasimama mbele ya darasa la Waafrika; atadhani ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa. Marekebisho ya namna hiyo hayaponyi kidonda. Yanakifunika tu.

Wapo wanaosema kwamba Hergé alikuwa mtoto wa wakati wake. Neno hilo lina ukweli, naye mwenyewe alikiri uzeeni kwamba alilelewa katika chuki na dhana za mazingira yake. Hata hivyo, mwaka 1934, alipotayarisha hadithi ya China, alikutanishwa na mwanafunzi Mchina, Chang Chong-Jen, naye akajifunza kuichora nchi hiyo kwa heshima. Wakati uleule na mkono uleule vilizaa kazi tofauti, kwa sababu safari hii mwenye habari aliulizwa.

Mwaka 2007 Mkongomani aliyekuwa akisoma Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alifungua mashtaka akiomba kitabu kipigwe marufuku, au angalau kiwekewe maneno ya maonyo. Mahakama ilikataa mnamo Februari 2012, ikisema kwamba haikuona nia ya kubagua, na rufani yake ikashindwa mwaka huohuo.

5. Hitimisho

Tunaona kwamba njia ni mbili, nazo zisichanganywe. Chuoni, toleo la 1931 lisomwe jinsi lilivyo, pamoja na lile la 1946, ili wanafunzi waone kwa macho yao jinsi historia inavyofutwa kwa kifutio cha mchoraji. Kwa watoto, dawa si kukipaka rangi mpya kitabu cha zamani. Ni kuwapa vitabu vingine. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amekwisha kuonyesha njia: mwaka 2014 alichora «Madame Livingstone», hadithi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Humo Mwafrika ana jina, ana akili na ana siri zake. Hicho ni kitabu cha wakubwa. Cha watoto, kwa Kiswahili, kinatungoja sisi.